Ulibadilika lini, na umeweka rehani gani?

Ndugu waandishi wa habari, wahariri na wanafunzi wa siasa, itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye mada bila kuzunguka mbuyu.

Kila baada ya miaka minne, dawati la habari za kimataifa hupokea habari ya aina moja kutoka Marekani. Wagombea wa chama kimoja wanaowania tiketi ya urais wanaitana vigeugeu. Fulani alikuwa akitetea haki ya kutoa mimba, leo anaipinga. Fulani aliwaahidi wapenzi wa jinsia moja usawa, leo anataka katiba iwazuie kuoana. Habari inatafsiriwa mbiombio, kichwa kinaandikwa "Wagombea warushiana maneno", na msomaji wa Mwanza au Kisumu anabaki na picha ya watu wawili wanaozozana sokoni. Kumbe kila neno lililorushwa lilitafutwa, likapimwa, likalipiwa. Jioni hii tulifungue tuone ndani kuna nini.

Kwanza neno lenyewe. Kenya wanasema mchujo, Tanzania wanasema kura za maoni. Nitashika mchujo, na nawashauri mshike hilohilo mnapoandika ya Marekani, kwa sababu kura za maoni ni pia utafiti wa mawazo ya watu kabla ya uchaguzi, na kura ya maoni ni wananchi kuamua swali moja, kama la katiba. Habari moja ya Marekani inaweza kubeba yote matatu ndani ya aya moja, na msomaji akapotelea humo. Jambo jingine dogo: Iowa, jimbo ambalo tutalitaja sana, kwa Republican halina mchujo wa sanduku la kura la mchana kutwa. Wanachama hukutana jioni, kata kwa kata, na kupiga kura hapohapo. Siku chache baadaye hufuata New Hampshire, ambako watu hupiga kura kama tulivyozoea.

Kwa nini vita hivi viwe vya ndani ya chama? Kwa sababu ndani ya chama watu wanakubaliana mno. Tarehe 3 Mei 2007 wagombea kumi wa Republican walipanda jukwaa moja katika maktaba ya Reagan, Simi Valley, California. Wote walitaka kodi ndogo. Karibu wote waliunga mkono vita vya Iraki. Ukikosa pa kumshika mwenzako kwenye sera, unamshika kwenye neno lake. Kwetu mwanasiasa akibanwa kwenye mchujo mara nyingi huhama chama. Marekani vyama vyenye nguvu ni viwili tu, hana pa kuhamia, basi anahamisha msimamo.

Kichwa cha mazungumzo haya nimekiandika kama maswali mawili kwa makusudi. La kwanza, ulibadilika lini, ndilo washindani huuliza kwa sauti. La pili, umeweka rehani gani, ndilo mpigakura huuliza moyoni, na kwa maoni yangu ndilo huamua. Anayekopesha hajali sana kwamba zamani ulikuwa mtu wa namna nyingine. Anataka kujua umeacha nini mezani, ili ukikimbia asibaki mikono mitupu.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: Mitt Romney na mchujo wa Republican wa 2008. Ni vigumu kumpata mgombea aliyepigwa kwa silaha hii na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

Oktoba 1994, ukumbi wa Faneuil Hall, Boston. Romney anagombea useneta wa Massachusetts dhidi ya Ted Kennedy. Kwenye mdahalo anasema utoaji mimba uwe salama na halali, na kwamba hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ya mwaka 1973, iliyoifanya haki ya kutoa mimba kuwa ya kikatiba nchi nzima, kwa kuwa imekuwa sheria kwa miaka 20, idumishwe. Anamtaja jamaa wa karibu aliyefariki baada ya kutolewa mimba kinyume cha sheria. Kennedy anamjibu kwa kejeli kwamba mwenzake huyu ni kama mtihani wa kuchagua jibu. Mwezi huohuo Romney anawaandikia barua wanachama wa Log Cabin Republicans, kundi la wapenzi wa jinsia moja ndani ya chama chake, akiahidi kulifanya suala la usawa wao liwe jambo la kawaida la taifa. Alishindwa. Mwaka 2002 akagombea ugavana wa jimbo hilohilo, akaahidi kulinda haki ya mwanamke kuamua kuhusu mimba, na akashinda.

Kisha mambo yakageuka. Novemba 2003 mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts iliamua katika kesi ya Goodridge kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kuoana, na ndoa za kwanza zikafungwa tarehe 17 Mei 2004. Gavana Romney akawa sauti kubwa ya upinzani. Novemba 2004 alizungumza na mtafiti wa seli shina wa Harvard, na mwenyewe amesema mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfungua macho kuhusu uhai wa kiinitete. Julai 2005 alikataa kutia saini muswada wa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, akaeleza msimamo wake mpya katika makala kwenye gazeti la Boston Globe. Bunge la jimbo likaupitisha muswada bila yeye. Januari 2007 akaondoka madarakani, na mwezi uliofuata akatangaza rasmi kugombea urais.

Hebu pangeni tarehe hizo kwenye mstari. Shtaka lote la washindani wake limo kwenye nafasi kati ya 2004 na 2007. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba Romney ni mwongo. Ilitosha kuionyesha kalenda: kwa wapigakura wa Massachusetts alikuwa hivi, na alipoanza kuhitaji wapigakura wa Iowa akawa vile. Mtu akibadilika akiwa hana la kupata, tunasema amekua. Akibadilika miaka miwili kabla ya kuomba kura za watu wanaotaka hasa mabadiliko hayo, tunaitazama saa.

Sasa tazameni jinsi kombora linavyoundwa. Kila kampeni kubwa ina watu ambao kazi yao ni kufukua maisha ya mshindani. Wanasaka kanda za midahalo ya zamani, barua, rejista za michango (ambazo kwa sheria ni wazi), miswada iliyotiwa saini au kukataliwa, na madodoso. Dodoso ndilo almasi. Vyama vya wanaharakati hutuma maswali kwa wagombea kabla ya uchaguzi, na majibu ni ndiyo au hapana, yenye jina chini. Romney alijibu dodoso la Planned Parenthood, shirika la uzazi wa mpango linalotetea haki ya kutoa mimba, mwaka 2002. Karatasi ya namna hiyo haina pa kujitetea kwamba maneno yalikatwa katikati. Kanda ya video ni ushahidi dhaifu kidogo kuliko dodoso, maana hukatwa, lakini ina nguvu kubwa zaidi: mtu anajishuhudia mwenyewe, kwa sauti yake, na nywele nyeusi za miaka ile.

Baada ya kufukua ni kukata. Tangazo la televisheni ni sekunde 30. Katika sekunde hizo hakuna nafasi ya mtafiti wa Harvard wala kiinitete; kuna nafasi ya sentensi ya 1994 na sentensi ya 2007, basi. Kisha ni kuchagua chombo. Hapa kuna sheria ambayo wengi huisahau: tangu mageuzi ya fedha za kampeni ya 2002, yale waliyoyabuni maseneta John McCain, ambaye naye aligombea kwenye mchujo huu wa 2008, na Russ Feingold, mgombea anayetangaza kwenye redio au televisheni lazima aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia tangazo hilo. Ukimtukana mwenzako, sauti yako inabaki kwenye tusi. Ndiyo maana uchafu mwingi hupitia njia ambazo kiapo hicho hakizigusi: simu za kurekodiwa, vipeperushi vya posta na intaneti.

Kanda ya Faneuil Hall ilipita intaneti. Januari 2007, kabla Romney hajatangaza rasmi, vipande vya mdahalo ule viliwekwa YouTube na mtu asiyejitaja. Romney alijibu siku ileile, kwa simu, kwenye kipindi cha mtandaoni, akikiri kwamba mwaka 1994 alikosea katika baadhi ya mambo. Mafundi wa kampeni walimsifu kwa kasi. Nami naikubali kasi hiyo, ila ilimletea hasara moja: jambo la kwanza ambalo watu wengi nje ya Massachusetts walilisikia kutoka kinywani mwake lilikuwa maelezo ya kwa nini yeye si yule wa zamani.

Simu zilikuja baadaye. Seneta Sam Brownback wa Kansas, Mkatoliki aliyepinga utoaji mimba kwa nguvu zake zote na aliyehitaji kura zilezile za kanisani, alizipigia nyumba za Iowa rekodi iliyosema Romney si yule anayejidai kuwa. Rekodi ilifika hadi kwa mke wa Romney: mchango wake kwa Planned Parenthood, dola 150 za mwaka 1994. Tarehe 5 Agosti 2007, kwenye mdahalo wa Des Moines, mwongozaji aliileta simu ile mezani. Brownback akasema yote ni kweli. Romney akajibu kwamba amechoka na watu wanaojiona watakatifu kuliko wengine kwa sababu tu walitangulia kupinga utoaji mimba.

Jibu hilo lina ufundi. Wapigakura wengi wa Republican huko Iowa ni Wakristo wa kiinjilisti, na ninyi mnaozijua ibada za uamsho hamhitaji kuelezwa: kanisa la namna hiyo limejengwa juu ya ushuhuda wa aliyekuwa gizani akaona nuru. Huwezi kumkamata mwongofu mlangoni ukamwambia umechelewa. Romney alimfanya Brownback aonekane yule ndugu mkubwa aliyenuna siku mwana mpotevu aliporudi nyumbani. Na mchango wa mke ulimharibia Brownback zaidi. Ukiingiza mke wa mtu, hata lililo kweli linanuka.

Wiki moja baadaye, tarehe 11 Agosti, kwenye kura ya majaribio ya mjini Ames, Iowa, Romney aliongoza kwa asilimia 31 na zaidi, Mike Huckabee akapata 18, Brownback 15. Kura hiyo haikuwa na uzito wa kisheria. Tiketi ya kuingia ilikuwa dola 35, na kampeni zenye fedha ziliwanunulia watu tiketi na kuwapakia kwenye mabasi. Lakini Brownback hakuwa na fedha za kungoja tena. Oktoba akajitoa, na Novemba akamuunga mkono McCain.

Kosa la Romney lilikuwa kwamba hakukaa ndani ya lile jibu zuri. Mwezi huohuo wa Agosti, kwenye mahojiano ya televisheni, alianza kusema hakuwahi kujiita mtetezi wa haki ya kutoa mimba, alisema tu ataiacha sheria kama ilivyo. Sasa tuelewe nini? Ukitubu, tubu. Ukikana, kana. Aliyetubu asubuhi na kukana jioni kwamba aliwahi kutenda dhambi hawezi kupewa kipaza sauti asimulie ushuhuda. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipojiumiza kuliko simu zote za Brownback.

Mvunaji alikuwa mwingine kabisa. Mike Huckabee, gavana mstaafu wa Arkansas, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Hakuwa na fedha za kupigana na Romney, lakini rehani yake ilijulikana: mtu aliyehubiri Jumapili miaka kadhaa hana haja ya kueleza alianza lini kuamini. Oktoba 2007, kwenye mkutano wa wapigakura wa maadili mjini Washington, Romney alimshinda kwa kura 1,595 dhidi ya 1,565, wengi wakiwa wamepiga kwa mtandao. Ukihesabu waliokuwa ukumbini peke yao, Huckabee alichukua zaidi ya nusu. Kampeni ya Romney ilitangaza ushindi. Wenye macho waliitazama hesabu ya ukumbini.

Tarehe 31 Desemba, siku tatu kabla ya Iowa kuamua, Huckabee aliwaita waandishi hotelini Des Moines. Nyuma yake palisimamishwa mabango yenye mashtaka dhidi ya Romney. Akasema ameandaa tangazo la kumshambulia mwenzake, limeshakamilika, lakini dhamiri imemsuta na ameamua lisirushwe. Kisha, ili waandishi waamini kwamba lilikuwapo, akaliwasha pale pale. Ukumbi ukacheka. Ndani ya tangazo kulikuwa na jambo mahususi: kwamba mpango wa bima ya afya wa Massachusetts uliotiwa saini na Romney uliruhusu utoaji mimba kwa mgonjwa kuchangia dola 50. Waandishi waliandika kwamba Huckabee ni mnafiki. Waliandika pia, ilibidi waandike, dola 50. Tarehe 3 Januari 2008 Huckabee alipata asilimia 34, Romney 25. Watu sita katika kila kumi waliohudhuria mikutano ile walijitaja kuwa Wakristo wa kiinjilisti.

Sitaki mtoke hapa mkidhani ukigeugeu peke yake ndio uliomwangusha Romney Iowa. Yeye ni Mmormoni, na wapo Waprotestanti wengi waliokuwa na wasiwasi na imani hiyo lakini hawakutaka kusema hivyo hadharani. Alilazimika kutoa hotuba nzima kuhusu imani yake, tarehe 6 Desemba 2007, huko Texas. Kusema "simwamini kwa sababu amebadilika" ni rahisi kuliko kusema "simwamini kwa sababu ya kanisa lake". Mnapoandika habari za ukigeugeu, ulizeni kama sababu inayotajwa imefunika sababu nyingine isiyotajika.

Siku mbili baada ya Iowa, kwenye mdahalo wa New Hampshire katika chuo cha Saint Anselm, McCain alimgeukia Romney na kumwambia kwamba wanatofautiana kwa mengi, lakini anakubali jambo moja: wewe kweli ni mgombea wa mabadiliko. Neno mabadiliko lilikuwa wimbo wa mwaka ule kwa vyama vyote, na McCain akaligeuza liwe kofi. Tarehe 8 Januari McCain alishinda New Hampshire kwa 37 dhidi ya 32. Romney akajitoa tarehe 7 Februari.

Haya, McCain mwenyewe je? Nyani haoni kundule. Agosti 1999 aliliambia gazeti la San Francisco Chronicle kwamba asingeunga mkono kutenguliwa kwa Roe dhidi ya Wade, kwa sababu wanawake wangesukumwa kwenye upasuaji haramu na wa hatari. Februari 2007, huko South Carolina, akasema hukumu hiyo itenguliwe. Mwaka 2000 alimweka mhubiri Jerry Falwell miongoni mwa wachochezi wa kutovumiliana. Mwaka 2006 akaenda kuhutubia mahafali kwenye chuo cha Falwell. Kwa kipimo cha kalenda, alistahili kupigwa kama Romney. Lakini McCain alikuwa bungeni tangu 1983, na kura zake kuhusu utoaji mimba zilikuwa za upande uleule miaka hiyo yote. Kura zilizoandikwa ni rehani. Sentensi ya 1999 ilionekana ni ulimi ulioteleza, ya Romney ikaonekana ni mguu uliohama.

Na Rudy Giuliani, meya mstaafu wa New York, ndiye anayetuonyesha kwamba kutobadilika si sarafu inayonunua kitu. Yeye alitetea haki ya kutoa mimba na hakuificha. Kule Simi Valley walipoulizwa kama siku Roe itakapotenguliwa itakuwa siku njema, wenzake walishangilia, yeye akajibu kwamba itakuwa sawa tu, na ikiachwa pia ni sawa. Tarehe 11 Mei akaenda chuo cha Kibaptisti mjini Houston akasema wazi anachoamini. Akatoa rehani yake: atateua majaji wahafidhina. Mhubiri Pat Robertson aliikubali, Novemba 2007, kwa mshangao wa wengi. James Dobson, kiongozi mwingine wa kiinjilisti, alikuwa ameshaikataa tangu Mei. Giuliani aliweka matumaini yote Florida, akawa wa tatu, akaondoka.

Fred Thompson, seneta mstaafu wa Tennessee aliyegombea naye, nitampitia upesi. Julai 2007 gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba mwaka 1991, akiwa wakili wa ushawishi, alifanya kazi kwa ajili ya chama cha uzazi wa mpango kilichotetea utoaji mimba. Msemaji wake alikana, kisha hati za malipo ya mawakili zikajitokeza. Hata hivyo Novemba chama kikubwa cha kupinga utoaji mimba, National Right to Life Committee, kilimuunga mkono yeye. Kilitazama kura zake za useneta. Rehani tena.

Jim Gilmore, gavana mstaafu wa Virginia, aliwaunganisha Giuliani, McCain na Romney katika jina moja, Rudy McRomney. Jina lilichekesha. Gilmore alijitoa Julai.

Mnaona wenyewe njia ya faida. Brownback alilipia simu, Huckabee akavuna Iowa. Huckabee akamkata Romney Iowa, McCain akavuna New Hampshire. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Katika mchujo wenye wagombea wengi, anayerusha kombora hupoteza naye, kwa kuwa wapigakura wa chama kimoja hawapendi kuona ndugu wakivuana nguo, na kura zinazomtoka aliyepigwa huenda kwa aliyekaa kimya pembeni. Kampeni zenye akili hungoja mwingine aanze.

Upande wa Democrat silaha ni ileile, mwelekeo tu umegeuzwa. Kuna kifungu kinachoitwa Hyde, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1976, kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba isipokuwa katika hali chache. Joe Biden alikiunga mkono kwa miongo. Tarehe 5 Juni 2019 kampeni yake ilithibitisha kwamba bado anakiunga mkono. Elizabeth Warren, Kamala Harris, Bernie Sanders na wengine wakamvamia siku hiyohiyo. Tarehe 6 Juni usiku, Atlanta, Biden akasema hakiungi mkono tena. Saa ishirini na nne na ushee. Julai 31, kwenye mdahalo wa Detroit, Harris alimuuliza kwa nini ilimchukua miaka mingi hivyo. Biden akajibu kwamba walio jukwaani waliowahi kuwa bungeni wamekipigia kura Hyde nao pia. Lilikuwa jibu la kweli, na lina funzo la kiufundi: Hyde huambatishwa kila mwaka kwenye bajeti. Mbunge anayepitisha bajeti ili serikali isifungwe anahesabiwa ameipigia kura Hyde. Seneta Kirsten Gillibrand, mgombea mwingine, alijitoa Agosti, Harris Desemba, Biden akashinda.

Kwa hiyo kabla hujaandika kigeugeu, fungua kura yenyewe uone ilikuwa ya nini. Kura ya bajeti nzima si kura ya kifungu. Tazama pia ngazi ya serikali. McCain alipiga kura dhidi ya marekebisho ya katiba ya Marekani ya kuzuia ndoa za jinsia moja mwaka 2004 na 2006, lakini mwaka huohuo wa 2006 akaunga mkono marekebisho kama hayo kwenye katiba ya jimbo lake la Arizona. Wengi waliandika kwamba amegeuka. Hakugeuka, alisema ni kazi ya majimbo, na ndilo alilotenda. Tena tenganisha imani na sheria: "binafsi sipendi, lakini sheria ibaki" ni msimamo mmoja kamili, na mtu anayehama kutoka hapo hadi "sheria ibadilishwe" amehama kweli hata kama imani yake ni ileile. Na katika tafsiri, kutengua Roe si kupiga marufuku utoaji mimba. Ni kuyarudishia majimbo uamuzi. Nimeona vichwa vya habari vya Kiswahili vilivyochanganya hayo mawili, na kwa kosa hilo mgombea mwenye msimamo mmoja anageuzwa kuwa na miwili.

Majina nayo yana mtego. Kila upande umejibatiza jina zuri: mtetezi wa uhai, mtetezi wa chaguo. Ukitumia la upande mmoja bila alama za kunukuu, umeshajiunga nao. Andika anapinga utoaji mimba, anatetea haki ya kutoa mimba. Ni marefu, lakini hayamchagulii msomaji.

Nimalizie na Donald Trump, kwa sababu ndiye aliyeelewa rehani kuliko wote, mpende msimpende. Oktoba 1999, kwenye televisheni, alisema anatetea kwa nguvu haki ya kutoa mimba. Ted Cruz aliitumia kanda hiyo kwenye tangazo la Iowa Januari 2016, na Cruz akashinda Iowa. Trump alishinda tiketi kwa mambo mengine, lakini shaka ya wahafidhina ilibaki, na hakuijibu kwa ushuhuda. Tarehe 18 Mei 2016 alitoa orodha ya majina 11 ya watu ambao angewateua kutoka humo kwenda Mahakama ya Juu. Septemba akaongeza wengine 10. Hakuna mgombea aliyewahi kuweka mezani kitu kinachohesabika namna hiyo. Aliteua watatu, na tarehe 24 Juni 2022 mahakama ikatengua Roe, wote watatu wakiwa upande wa waliotengua.

Septemba 2023 akageuka tena. Aliita sheria ya Florida, inayozuia utoaji mimba baada ya wiki sita, kosa baya. Ron DeSantis, gavana aliyeitia saini, alidhani amepata kombora kama lile lililompiga Romney. Gavana wa Iowa, Kim Reynolds, alikuwa ametia saini sheria kama hiyo jimboni kwake, na akamuunga mkono DeSantis. DeSantis akazunguka kaunti zote 99 za Iowa akiwaambia Wakristo kwamba Trump amewaacha. Tarehe 15 Januari 2024 Trump alipata asilimia 51, DeSantis 21, na siku sita baadaye DeSantis akajitoa.

Kipaza sauti kiko kule nyuma, kwa mwenye swali.